Uliza Ujibiwe: Boti juu ya trela, unavukaje nalo kwenda nchi ya watu?

Wiki hii barua tatu zimegongana kwenye jambo moja, kwahiyo nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeikalia sana kwasababu najua kuna vijana wengi wa Tanga wana mpango huohuo.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni kijana wa Sahare hapa Tanga, nina boti la faiba futi 19 na mashine ya HP 40, trela ninalo na gari ni pikapu ya dizeli. Mjomba wangu anaishi Kilifi kule Kenya na karibu yake kuna fundi mzuri wa faiba, nataka nimpelekee boti anitengenezee sakafu imelegea, alafu nikae kama mwezi hivi tuvue na mjomba ndo nirudi. Nimeambiwa lazima nipite feri ya Likoni pale Mombasa. Sasa watu wananitisha, mmoja anasema feri haipakii boti, mwingine anasema mpakani watanitoza ushuru kama vile naenda kuliuza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la feri haipakii boti likutoke kichwani. Boti likishakaa juu ya trela na trela limefungwa kwenye gari, kwa watu wa feri hiyo ni gari yenye mkia mrefu, utalipia gari na utalipia trela basi. Feri sio inayokwamisha watu. Kinachokwamisha watu ni karatasi pale mpakani Lunga Lunga, na kingine ni beringi za trela, hivyo viwili ndo nataka uvishike.

Tuanze na karatasi. Watu wanajiandaa na gari wanasahau kwamba mpakani huvushi kitu kimoja, unavusha vitu vinne. Gari lina kadi yake. Trela lina kadi yake na namba yake, hata Kenya ni hivyohivyo, matrela yao namba zinaanza na Z, kwahiyo afisa wa kule akiona trela halina namba yake mwenyewe anajua kuna kitu hakijakaa sawa. Boti lina cheti cha usajili cha TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, na kama ni la uvuvi lina na leseni. Alafu kuna mashine, na hii mwanangu ndo iliyonilaza mimi mpakani.

Mara yangu ya kwanza kuvuka na boti nilikuwa na kila kitu kwenye bahasha, nimejipanga, nina amani kabisa. Afisa akazunguka gari akazunguka trela, akafika nyuma akainama, kwenye bano la mashine pale inapofungwa kwenye boti kuna kile kibati kidogo cha namba kimeshika chumvi, akakifuta kwa kidole gumba mpaka namba ikatokea, akaisoma, akarudi kwenye karatasi zangu akaniuliza hii namba imeandikwa wapi. Haikuwepo popote. Risiti ya kununulia mashine nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye droo. Hakunionea, maana mashine ya boti ni kitu cha thamani kinachofunguliwa kwa boliti kadhaa tu, atajuaje kwamba sitaiuza huko nikarudi na boti tupu? Nililala kwenye gari mpaka mdogo wangu akaileta ile risiti asubuhi na basi la kwanza. Kwahiyo kabla hujafanya lingine lolote, leo hii nenda na kitambaa na maji baridi kaisafishe ile namba, iandike, ipige picha, na utafute risiti.

Kuhusu ushuru, yule aliyekuambia hajakosea sana ila hajakueleza vizuri. Sheria ya forodha tunayotumia sisi na Kenya ni moja, ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ndani yake kuna utaratibu wa kuingiza kitu kwa muda, yaani unatamka kwamba hiki kinaingia na kitatoka, kimekuja kutengenezwa, na wewe unaweka dhamana kwamba kitatoka kweli, na muda wenyewe usizidi miezi 12. Ukinyamaza ukavuka kimyakimya kama mtu anayeenda sokoni hapo ndo utaonekana unaingiza bidhaa. Tafuta wakala wa forodha anayefanya kazi mpaka huo, ongea nae hapa Tanga kabla hujafunga safari, mpe picha za vitu vyote vinne na barua fupi ya yule fundi wa Kilifi kwamba anakusubiri na kazi ni hii. Hiyo barua ni karatasi ndogo ila inafanya kazi kubwa. Na siku ya kurudi usipite bila kugongewa kwamba boti limetoka, wengi wanafurahia kufika nyumbani wanasahau hilo, mwakani wakitaka kuvuka tena wanakutana na deni la dhamana.

Pale mpakani kwenyewe ni kituo cha pamoja, ukitoka Tanga shughuli za kutoka kwetu na kuingia kwao zote unamalizia upande wa Lunga Lunga, ukirudi unamalizia Horohoro. Beba pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bima ya gari ya hapa nyumbani haikufikishi, chukua ile kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, na umwambie mtu wa bima aandike na trela, usikubali akuambie haina haja. Ujue pia kadi hiyo inalipa ukimgonga mtu, boti lako likianguka barabarani hailipi kitu, hiyo ni bima nyingine.

Halafu uvuvi. Hapa nakuomba unisikilize kama mzee wako. Boti la Tanzania kuvua maji ya Kenya ni jambo la leseni, sio la undugu, mjomba akiwa mwenyeji hakukingi. Kavueni kwa chombo cha mjomba, chako kikae kwa fundi. Kama unataka kweli kuliteremsha majini basi mjomba aende mapema ofisi ya uvuvi na mamlaka ya bahari ya kule aulize kwa ajili yako, apate jibu la maandishi. Na usipakie abiria kwa pesa hata mmoja, hata kama ni mzungu amekuomba kwa huruma.

Sasa barabara. Kutoka Tanga mpaka Horohoro lami ni nzuri na sio mbali, na ndo maana watu wanakimbia. Mimi na boti nyuma sizidi 60. Kabla ya kutoka angalia uzito umekaa wapi, mashine ya HP 40 iko mwisho kabisa wa boti na inavuta nyuma, trela likiwa jepesi puani linaanza kucheza mkia ukifika mteremko, unahisi gari linasukumwa huku na huku. Kiasi cha asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote kinatakiwa kikae pale kwenye kiungo cha gari. Kama ni jepesi sogeza boti mbele kwenye trela, au hamisha nanga na makorokoro uyaweke mbele, tena yafunge.

Beringi mwanangu. Trela la boti sio sawa na trela la mkaa, hili linazamishwa kwenye maji ya chumvi. Ukitoka safari ndefu kitovu cha tairi kina moto, ukalisukuma majini hapohapo, ile hewa ya ndani inapoa ghafla inajikunja inavuta maji ya bahari ndani, grisi inageuka uji wa kijivu, na wewe huoni kitu mpaka wiki ijayo uko katikati ya safari unasikia harufu ya chuma kinaungua. Fungua zote mbili kabla ya safari, osha, tia grisi mpya, badilisha pia zile sili za kuzuia maji yasiingie. Njiani ukifika Duga simama, shika kitovu kwa kiganja. Kikiwa vuguvugu endelea, kikikufanya uondoe mkono haraka usiendelee hata kilomita moja. Fanya hivyo Lunga Lunga, fanya Msambweni, fanya Ukunda. Beba seti moja ya beringi, tairi la spea la trela (la gari haliingii, nimeona watu wakigundua hilo usiku), jeki inayoingia chini ya trela, na taa za nyuma ziwe zinawaka zote na indiketa.

Haya, Likoni. Mkondo wenyewe ni mwembamba, dakika chache tu umevuka, kazi yote iko kwenye kuingia na kutoka. Wewe mtu wa Sahare nikikuambia bamvua unanielewa, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za bamvua maji yakipwa pale tofauti na maji kujaa inapita mita 3, ile zege inayoshuka majini inakuwa mlima na lango la feri linalala chini kabisa, kwahiyo kuna bonde pale zege inapokutana na lango. Gari peke yake linapita. Gari lenye trela, kuingia kunapiga pua na kutoka kunapiga mkia. Ukiingia, gari linapanda lango wakati trela bado linateremka, kile kiungo kinashuka karibu na chini, na kama hukupandisha kile kigurudumu kidogo cha mbele cha trela kinagonga chuma na kupinda, changu kilipinda hivyohivyo kwasababu nilikisahau. Ukitoka ni kinyume, gari linapanda zege, trela liko bondeni limeinua pua, mkia unalala, mashine ikiwa imening'inia inasagwa. Inua mashine mpaka juu, iweke kwenye kile chuma chake cha kuishikilia isitegemee haidroliki au kamba, na fungua kizibo cha chini ya boti maji ya mvua yatoke, boti lenye maji ni zito kuliko unavyodhani.

Kwahiyo angalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga siku. Nenda wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, au kama ni bamvua basi upange ufike maji yakiwa yamejaa. Na uende asubuhi mapema kabla ya watu wa kazini, au mchana katikati, jioni pale miguu ya watu ni maelfu na wewe unataka nafasi ya kujipanga. Mabaharia watakupa ishara, wafuate wao usimfuate utingo wako. Ukishasimama ni breki ya mkono, gia iingie, vibao mbele na nyuma ya tairi za gari na za trela pia, vioo viwe chini, mkanda ufungue. Mwaka 2019 gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka kwenye feri pale katikati ya mkondo wakafa mama na mtoto wake, ni jambo ambalo kila nikivuka nalikumbuka. Abiria wako wote washuke wapite kwa miguu, wewe dereva ubaki peke yako. Petroli isibebwe kwenye madumu kabisa, tenki la boti liache tupu, Kilifi kuna petroli.

Hayo yote nimekueleza kwasababu umeuliza Likoni. Ila ungekuwa mwanangu wa kunizaa ningekuambia usipite feri. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unaiacha barabara ya Likoni upande wa Kwale kabla hujafika feri, unapita daraja la Mteza na la Mwache unatokea Miritini barabara ya Nairobi, ndo unaingia mjini na kuvuka Nyali kuelekea Mtwapa na Kilifi. Ni mzunguko, unakula mafuta zaidi, ila hakuna bonde wala maji kupwa wala lango. Kwa futi 19 na trela juu unavuta kitu cha mita 7 hivi bila gari, mimi siku hizi napita huko, na hasa wakati wa kurudi boti likiwa limetoka kupakwa rangi mpya.

SWALI: Asalaam aleykum. Mimi ni mtu wa Chumbageni lakini nipo Uingereza mwaka wa nane sasa. Nimenunua boti dogo la futi 16 na trela, kiangazi hiki nataka kwenda nalo Ufaransa na familia. Kuna feri ya magari na kuna treni ya chini ya bahari. Ipi bora kwa mtu mwenye trela?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah. Umenifurahisha, mtoto wa Chumbageni anavuta boti Ulaya.

Yote mawili yanapakia trela. Treni inatoka Folkestone inatokea karibu na Calais kwa dakika 35 hivi, unaingiza gari na trela ndani ya behewa mnakaa humohumo, njia ile imefunguliwa mwaka 1994. Feri ya Dover kwenda Calais ni saa moja na nusu hivi, unaliacha gari chini mnapanda juu mnakula. Kwa boti mimi ningechagua treni kwasababu halisukwisukwi na mawimbi na unaingia kwa usawa, hakuna lango la kupanda wala kushuka. Feri nayo ina uzuri wake, zipo za kukupeleka mbali zaidi kama Normandy au Brittany, na kama unaelekea huko unapunguza kuendesha siku nzima na trela nyuma. Popote utakapokata tiketi, toa urefu wa kila kitu, yaani kuanzia pua ya gari mpaka mwisho wa mashine ya boti, sio urefu wa boti. Wengi wanaandika futi za kwenye karatasi ya boti wanafika wanaambiwa nafasi waliyolipia ni fupi. Na utamke pia kama una mtungi wa gesi. Gari linalotembea kwa gesi halipokelewi kwenye ile treni.

Upana wa trela na mzigo wake usizidi mita 2.55. Trela la binafsi la uzito wa chini ya kilo 3,500 halilazimiki kusajiliwa peke yake kwa safari hiyo, lako la futi 16 halifiki huko hata kidogo, ila kama unalitumia kwa biashara kiwango kinashuka mpaka kilo 750. Gari liwe na alama ya UK, ile ya zamani ya GB haitumiki tena tangu Septemba 2021. Boti lisajiliwe kwenye daftari la vyombo vidogo la huko, beba risiti ya kununulia inayoonyesha kodi ililipwa, na cheti cha kimataifa cha uongozaji boti, hasa kama mtaingia kwenye mito na mifereji yao. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya boti lako linaingia kwa muda, limepewa miezi 18, kwahiyo kwa likizo hilo lisikusumbue.

Ila kuna moja ambalo wenzio wa huko hawatakuambia kwasababu wao haliwahusu. Boti lina miezi 18, wewe je? Kama bado unatembea na pasi ya Tanzania, kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ufaransa, unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya ikiwemo Ufaransa, wewe na kila mwenye pasi ya Tanzania kwenye hilo gari, na kiangazi foleni ya miadi ni ndefu sana. Omba viza kwanza, tiketi ya treni baadae. Nisingependa watoto wafike Folkestone na maboya yao wameshavaa alafu mrudishwe.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi ni mama wa Dunda, Bagamoyo, marehemu mume wangu ameacha boti la faiba. Kaka yake yuko Bujumbura anasema analihitaji kule ziwani, atalinunua. Nasikia treni inafika Kigoma. Boti linaweza kwenda kwa treni?

JIBU: Marahaba mama, pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu.

Linaweza, lakini sio kwa ule utaratibu wa Ulaya wa kuingia na gari lako. Kwetu boti linakwenda kama mzigo, juu ya behewa bapa, na linakwenda peke yake. Na sio ile treni ya mwendokasi iliyoanza 2024 ya Dar na Dodoma, ni reli ya zamani ya kati ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyohiyo ndo iliyobeba meli nzima ya Wajerumani ikiwa vipande vipande kwenye masanduku kama 5,000, wakaiunga Kigoma na kuishusha majini Februari 1915, ndo hii Liemba tunayoijua. Na hapo kwenu Bagamoyo Novemba 1874 Stanley, yule mzungu mpelelezi, alitoka na boti lake la Lady Alice limekatwa vipande, wapagazi wakalibeba kwa mabega mpaka ziwa Victoria. Nimekutajia hayo ili usione unaomba kitu cha ajabu.

Nenda ofisi ya mizigo ya shirika la reli Dar, uliza habari ya behewa bapa kwenda Kigoma. Mashine ifunguliwe isafiri kwenye sanduku lake la mbao, isibaki kwenye boti, mizigo inashushwa na kupakiwa na watu wengi. Boti lilale kwenye vitanda vya mbao vilivyofuata umbo la tumbo lake, na kati ya mbao na faiba kuwe na matairi chakavu au magodoro, kwasababu reli ile inatikisa siku na siku na sehemu inayosuguana na msumari itatoboka. Kutoka Kigoma shemeji alivute kwa maji mwenyewe au alipakie kwenye meli ya mizigo. Burundi wako kwenye Jumuiya tangu 2007, kwahiyo kama boti limetengenezwa hapa Tanzania chukua cheti cha uasili wa bidhaa, kitampunguzia ushuru. Kabla ya yote hayo, hati za boti ziandikwe jina lako kupitia mirathi, usikubali lisafiri kwa jina la marehemu hata kama shemeji ana haraka, na pesa uipokee, yote au nusu, likiwa bado Bagamoyo. Mwambie pia kwamba ile zinki ya kuzuia kutu kwenye mashine imewekwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ziwani aibadilishe aweke ya magnesiamu.

Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali mchukue kijana mmoja na futi kamba, mpime boti palipo panapana zaidi na urefu kutoka ncha hadi ncha, na kimo kutoka chini mpaka ukingoni. Vipimo hivyo vitatu ndo watakavyokuuliza mwanzo pale ofisi ya mizigo, na bila hivyo watakuambia urudi siku nyingine.